Sweta Iliyo Chini ya Sanduku Lako

Wangeci wangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na baba yako yuko nje anapambana na lile gurudumu la sanduku lako lililolegea. Nimepata nafasi ya kukaa kwenye meza ya jikoni niandike bila mtu kunichungulia.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kujifunika, kutochelewa kurudi na kupiga simu kila Jumapili. Hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha, na nikiyarudia hapa utaikunja barua kabla hujafika ninapotaka ufike. Nataka kukuambia habari za bafu. Usicheke. Wewe mwenyewe uliniuliza, siku ile shangazi yako Wambui alipopiga simu, kwa nini nilicheka kile kicheko ulichosema kilikutisha. Sikukujibu kwa sababu baba yako alikuwa amekaa pale. Leo nakujibu.

Unakumbuka nilikuwa nakanda unga wa chapati, mikono imejaa, ukaniwekea simu kwa sauti ya juu. Shangazi yako akaanza vizuri. "Muthoni, huyo msichana wenu amepata kazi town na inaanza asubuhi mapema sana. Atatoka huko Kabiria na giza aje? Mlete akae kwangu Kilimani, ile room ya nyuma iko empty." Nikamshukuru, na nilimaanisha. Halafu akapunguza sauti kidogo, kama mtu anayeomba chumvi. "Na umwambie akuje na ile dawa yenu ya bafu. Watu wa Shiru wanakuja kuona binti yao kwa itara ya kijana wangu Kimani, na bafu yangu inanuka unyevu vibaya. Nimepaka rangi mara mbili na wapi!"

Hapo ndipo nilicheka. Nilicheka mpaka unga ukaniingia puani.

Itara unaijua. Wewe na vijana wenzako mnakwenda kwa sababu ya pilau na picha, lakini kwa mzazi wa msichana ni siku nzito. Ni siku ya kwenda kuona nyumba ambayo binti yako anaishi na mume wake. Unakaa kwenye kiti cha watu wengine, unakunywa chai, na macho yako yanazunguka taratibu: anapikia wapi, analala wapi, anaheshimiwa au haheshimiwi. Mambo ya mahari yanakuwa yalishaongewa na wazee. Siku hiyo ni ya wamama.

Yangu ilifanyika hapa hapa Kabiria, kwenye zile nyumba za kupanga zilizo nyuma ya kanisa, kabla hatujajenga. Mama yangu alifika akiwa ndani ya gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, la rangi ya samawati, mabega yamesimama. Alibeba kiondo cha unga na sufuria mpya zilizofungwa kwa karatasi. Nilikuwa nimepiga deki tangu alfajiri. Nilikuwa nimeosha mpaka kuta. Lakini bafu letu lilikuwa na ile harufu, ile ya ukungu, ya nguo iliyolala ndani ya maji, na nilikuwa nimeipiga vita kwa miezi bila kuishinda. Asubuhi hiyo nilinyunyiza manukato yangu yote mle ndani, nikafunga mlango, nikaomba Mungu watu wasikojoe.

Shangazi yako alikuwa ameishi nasi karibu mwaka mzima, akisomea kazi za ofisi mjini. Alikula kwangu, akaoga kwangu, nikamshonea vifungo vya nguo. Alikuwa amehamia hosteli muda mfupi kabla ya siku hiyo, kwa hivyo alikuja kama mgeni, amevaa viatu virefu. Chai ilipokuwa inamiminwa alikwenda bafuni. Akatoka ameshika pua, akasimama katikati ya sebule, mbele ya mama yangu, mbele ya shangazi zangu, mbele ya wamama wa kanisa.

"Ngai! Muthoni, huko ndani kunanuka kama nguo imelala kwa beseni wiki mzima. Kwani nyinyi huoga aje?"

Watu walicheka. Si kwa ubaya wote, wengine walicheka kwa sababu hawakujua wafanye nini na nyuso zao. Baba yako alicheka. Hilo nimemwambia mara nyingi.

Mama yangu hakucheka. Aliweka kikombe chini, akasimama akaniuliza, "Brashi iko wapi?" Nikamwambia, "Mami, kaa chini, tafadhali." Akauliza tena, sauti ile ile. Nikampa. Alivua viatu, akafunga leso juu ya lile gauni jipya, akaingia bafuni, akapiga magoti. Mgeni wa heshima, Wangeci. Yeye ndiye aliyekuwa amekuja kuonyeshwa nyumba. Sisi wengine tulikaa sebuleni tukisikiliza brashi inavyokwenda kwenye sakafu, na hakuna aliyegusa chakula mpaka alipotoka. Pindo la gauni lilikuwa limelowa. Akakaa, akasema chai imepoa, akaomba nyingine.

Hakuwahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kuanzia siku hiyo hakulala kwangu hata mara moja. Ulipozaliwa ukapewa jina lake, kama desturi inavyotaka kwa binti wa pili, alikuja kukuona, akakubeba, akakuita mwenzake, akakuimbia. Jioni ilipokaribia akasema ng'ombe wake hawana mtu, akaondoka. Siku nzima hakuingia bafuni. Mimi niliona. Nilikuwa nimekwisha kulipaka lile bafu rangi ya mafuta kwa ajili yake, nyeupe inayong'aa, na alipita mlangoni pake akiangalia mbele.

Rangi ile ilikuwa ujinga wangu na nitakuambia kwa nini, maana shangazi yako anafanya ujinga huo huo sasa hivi. Ukipaka rangi juu ya ukungu, ukungu haufi. Unakaa kule nyuma ukinywa maji yake, baada ya wiki chache unatokea tena na madoa meusi, na rangi inavimba na kubanduka. Ujinga wangu wa pili ulitaka kuniua. Siku moja nilikasirika nikamwaga jiki sakafuni, na kabla haijaoshwa nikamwaga ile asidi ya kusafishia choo juu yake, nikidhani zikiwa mbili zitakuwa na nguvu zaidi. Palitoka hewa iliyonikaba koo, nikatambaa nje nikikohoa, macho yanachuruzika, jirani akadhani tumepigana na baba yako. Usichanganye jiki na kitu kingine chochote isipokuwa maji. Hata siki, ambayo ni nzuri kwa pazia la bafu, itumie siku nyingine kabisa.

Nilitundika nafthalini, nikachoma makaa na maganda ya machungwa, nikabadilisha mkeka. Harufu ilikuwa inaondoka asubuhi na kurudi jioni, mpaka nikaanza kuamini kwamba ni mimi. Ninaposema hivyo simaanishi mzaha. Nilikuwa nanusa nguo zangu kabla ya kwenda kanisani. Nilikuwa nakaa kiti cha nyuma.

Halafu mama yangu akafa. Nyinyi mlikuwa wadogo, huenda unakumbuka gari lililotupeleka kijijini na mvua ile.

Miezi michache baada ya kumzika, tulileta fundi wa stima atuwekee shawa ya maji moto. Alihitaji kupitisha waya nje, akapanda ngazi akatafuta tundu la hewa, yale matundu ambayo nyumba zote za huku huwa nayo juu ya dirisha. Akaniita. "Mama, hili tundu lenu limezibwa." Nikamwambia hatuna tundu upande huo, ni ukuta. Akagongagonga, rangi yangu nyeupe ikapasuka, akaingiza mkono akavuta. Likatoka furushi la nailoni lililofungwa vizuri, na ndani ya nailoni kulikuwa na sweta. Nilikuwa nimeipaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe nikidhani ni ukuta.

Ilikuwa nyeusi kwa ukungu na ilinuka kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Niliiloweka, nikaifua, nikaifua tena, na rangi yake ikarudi taratibu: damu ya mzee. Halafu nikaona kifungo cha tatu kutoka juu. Vyote vilikuwa vyeusi, hicho kilikuwa cha kijani, kwa sababu nilipomshonea shangazi yako sweta yake sikuwa na cheusi.

Nikakumbuka Julai ile aliyokaa nasi. Unajua baridi ya Julai hapa. Kila asubuhi alitoka bafuni akilalamika, "Hii bafu yenu ina upepo, mtaniua na pneumonia." Halafu siku moja akaacha kulalamika, nami nikadhani amezoea. Watu wengi huziba matundu wakati wa baridi, hilo si ajabu, lakini wanazibua. Yeye aliziba akahama. Akatuachia mvuke usio na pa kutokea na ukuta usiokauka. Akarudi amevaa viatu virefu, akashika pua mbele ya mama yangu.

Sidai kwamba alikusudia. Baba yako ameniambia hivyo tangu siku hiyo. Nilimwonyesha sweta ikiwa inachuruzika maji, akasema, "Si ni sweta tu, Muthoni. Achana na hayo maneno, ashasahau." Ndiyo, alisahau, na hilo ndilo linalonichoma. Mama yangu hakusahau. Mama yangu aliingia kaburini akiamini kwamba alilea mtoto mchafu, na hakuna mlima ninaoweza kupanda nimwite nimwambie, "Mami, haikuwa mimi."

Kwa hivyo niliikausha ile sweta, nikaikunja, nikaiweka chini ya kabati. Kila Krismasi shangazi yako alipokuja hapa nilifikiria kuitoa. Mwaka mmoja niliibeba mpaka mlangoni mwa sebule. Lakini alikuwa anakula matoke akisimulia habari za meno yake, na nikaona nikimpa wakati ule atacheka tu, na wote watacheka, kwa mara ya pili. Nikarudi nayo. Pasta akisikia haya atasema hasira nayo ni ukungu. Mwache aseme. Ule wa bafu niliutoa kwa jiki, na huu sijaenda dukani kuutafutia dawa.

Sasa fikiria nilivyojisikia Pasaka iliyopita, tulipokwenda kwake Kilimani. Wewe ulikuwa jikoni na Kimani na Shiru mkikata kachumbari. Mimi niliingia bafuni kunawa mikono, na nilipofungua mlango ilinipiga usoni, ile ile. Ningeijua hata nikiwa usingizini. Nikafunga mlango nikaangalia juu. Tundu la hewa lilikuwa limebandikwa karatasi ya nailoni kwa utepe wa gundi, na juu yake rangi nyeupe. Baadaye nikamsikia akimwambia baba yako kwamba majirani wa chini wanakaanga samaki na harufu inapanda kwake. Mtu huyo hajabadilika hata kidogo.

Nilifurahi, Wangeci. Nisikudanganye. Nilikaa kwenye ukingo wa lile beseni lake la kuogea, la watu wa Kilimani, nikavuta ile harufu, nikafurahi. Nikanawa mikono, nikatoka, nikamwambia nyumba yake ni nzuri.

Kwa hivyo alipopiga simu akitaka dawa, mpango wangu ulikuwa tayari hata kabla sijanawa unga. Nilitaka kukuambia usiguse bafu lile. Upige deki, upanguse vioo, unyunyize manukato, useme, "Aunty, nimejaribu." Itara ifike. Wamama wa Shiru wajae sebuleni. Mimi nitoke bafuni nimeshika pua. Maneno yenyewe nilikuwa nimeshayapanga, na nimeyasema peke yangu nikiosha vyombo. Yalikuwa matamu.

Juzi Shiru alikuja hapa kukuletea ile mito ya kitanda. Ulikuwa kazini kwa mafunzo, akanikuta mimi. Nikampa chai. Akaniambia mama yake ameshonesha nguo ya itara, na kwamba anaivaa nyumbani kila jioni kuzoea viatu. "Mum ana-stress kuliko mimi," akasema akicheka. "Anauliza kila siku, kwani hiyo nyumba ya Kilimani iko aje, ni safi? Nikamwambia atulie, ni kwangu sasa, nitaosha mwenyewe."

Ni kwangu sasa. Wambui anawaachia wao lile bafu na vyumba viwili vya mbele, nilikuwa najua hivyo, lakini sikuwa nimefikiri maana yake. Nikishika pua siku hiyo, wamama hawatamwangalia Wambui. Watamwangalia Shiru. Na mama yake ataweka kikombe chini. Nilimwangalia yule msichana akinywa chai yangu na sikuweza kumaliza yangu.

Usidhani nimemsamehe shangazi yako. Sijamsamehe, wala sikuombi wewe umchukie; utakaa kwake, utakula kwake, mheshimu, anakupenda kwa njia yake ya kelele. Nimebadilisha mpango tu.

Safisha lile bafu. Lisafishe kama ni mama yangu anakuja. Kwanza panda juu ya kiti, ubandue ile nailoni na rangi yake yote, na kama kuna samaki wa jirani acha waingie. Dirisha na mlango vikae wazi mpaka kuta zikauke kabisa, hata kama ni siku mbili. Kwangua rangi yoyote iliyovimba. Halafu jiki na maji, kwenye mistari ya vigae, kwenye pembe, nyuma ya choo, na uiache ikae kidogo kabla ya kusugua. Fungua kile kifuniko cha shimo la maji utoe nywele zilizooza pale chini, maana hakuna anayekumbuka hapo. Pindo la pazia la bafu litakuwa jeusi. Usihangaike nalo, litupe, nimekuwekea jipya. Siku za kwanza utahisi hakuna kilichobadilika. Endelea kuacha mlango wazi.

Ila usitumie tambara lake. Chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka zako za kijivu, nimekuwekea sweta ya damu ya mzee. Sugulia hiyo. Imeshikwa na ukungu wake mwenyewe miaka mingi, haitashangaa. Ukimaliza, isuuze vizuri mpaka maji yatoke safi, na uianike kwenye kamba ya roshani, pale anapokaa kunywa chai ya saa kumi, kifungo cha kijani kikiangalia kiti chake. Usiseme chochote. Akikuuliza imetoka wapi, usimdanganye: ilikuwa kwenye tundu la bafu letu la zamani, alikoiweka. Halafu umpe, ni yake.

Mimi nitakuja siku ya itara pamoja na wamama wa upande wetu. Nitavaa samawati. Nitakaa karibu na mama yake Shiru nimwonyeshe mapazia, nitakunywa chai, na chai ikiwa inamiminwa nitaomba kwenda bafuni. Nitatoka nisimame katikati ya sebule, pale pale mtu anaposimama akitaka kusikika, na nitasema kwa sauti aliyoitumia shangazi yako siku yangu, "Wambui, bafu ya hawa watoto ni safi, mpaka inanukia. Ni nani ameiosha?"

Watu wote watamgeukia, naye sweta atakuwa ameshaiona. Nataka nisimame pale nimsikie akilitaja jina lako, jina la mama yangu.

Mama yako,
Muthoni